Vijiti vya Mzee Lukumani

Yule Saturnino alinichosha tangu aliposhuka garini. Ametoka Kampala kuja kupima wachezaji wa timu ya taifa ya kriketi, ambayo tangu Wahindi wafukuzwe imebaki nusu, halafu anafika Arua alasiri wakati sisi tumeanza asubuhi! Eti gari lilimharibikia Pakwach. Mwanafunzi wangu Taban alikuwa ameshawatoa wapigaji saba kwa mpira wake, vile vijiti vitatu wanavyovilinda vinaruka nyuma yao mpaka watu wa Onduparaka, wanaojua mpira wa miguu tu, wanapiga kelele, "Goli!"

"Nisichokiona sikihesabu, Mwalimu Dramadri," Saturnino akaniambia. "Nataka kumwona akiangusha vijiti. Akiangusha, naondoka naye leo. Lakini upesi, giza likinikuta kabla ya daraja la Pakwach, wanajeshi watanilaza kwenye kizuizi."

"Jamani! Amebaki mpigaji mmoja tu. Huyo akitoka, mchezo umekwisha."

"Mmoja ananitosha."

Nikageuka kumtazama huyo mmoja. Mzee Lukumani, muuza nyama wa Koboko, analishika gongo la kupigia mpira kama anataka kukata mfupa. Nilimchukua kujaza, upande wa wapinzani wetu, nafasi ya askari aliyeitwa kambini, kwa sababu zamani alifanya kazi dukani kwa Wahindi na Jumapili walikuwa wakimchezesha. Nikafurahi kabisa, mzee hata mbio hawezi! Taban atamtoa kwa mpira wa kwanza.

Taban akavua kofia. Akaenda mpaka katikati ya uwanja, akapiga magoti, akamwamkia mzee huku anatazama chini. Kisha akarudi na kuurusha mpira kutoka chini, polepole, kama mtu anayewatupia kuku mahindi. Mzee akaupiga ukavuka barabara.

"Taban! Umerogwa?" nikapiga kelele.

Ndipo mlinda vijiti wetu, Kenyi, akaniambia kwamba wiki iliyopita wazee wa kina Taban walipeleka posa Koboko, kumwomba Rehemah, binti wa Mzee Lukumani. Wiki nzima, na hakuna aliyefungua mdomo kuniambia! Kwa Wanubi kama wao, mkwe ni mkwe. Humtazami usoni, sembuse kumrushia mpira mgumu kwenye miguu mbele za watu.

Mpira wa pili ukatambaa. Wa tatu ukatambaa. Saturnino akapiga miayo, akatazama saa.

"Huyu ndiye uliyenisifia?"

"Ngoja, bwana! Yule ni mkwe wake!"

"Kwani timu ya Kenya wakija, nao tuwaulize kama wana mabinti?"

Nilitaka kulia. Miaka minne nimemfundisha yule kijana, ana mkono ambao sijauona kwa mtu mwingine West Nile nzima, na bahati yake inapita hivi hivi kwa heshima! Nikaingia uwanjani mwenyewe.

"Taban, angusha vijiti! Huyu bwana akiondoka hakuna mwingine atakayekuja!"

Taban akatikisa kichwa tu. Lakini mzee alikuwa amesikia.

"Mwalimu, kijana iko nashindwa kwa sababu yangu?"

"Ndiyo, mzee! Wanataka kumwona akikutoa, wampeleke timu ya taifa!"

"Sasa kwa nini hamusemi?" akafoka. "Kijana, leta mpira!"

Nikashusha pumzi. Nilidhani atamwamuru arushe kiume. Taban akarusha vilevile, kuku na mahindi. Mzee akaungoja mpira ufike karibu, akageuka, akavipiga vijiti vyake mwenyewe kwa gongo, vyote vitatu, kwa nguvu zake zote. Kisha akainua mikono juu.

"Kijana imenitoa! Mumeona? Imenitoa!"

Saturnino alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Nikamkimbilia, nikamwambia nitashika gongo mimi, mpira mmoja tu, nakuomba. Akasema amekuja kupima wachezaji, si kutazama vichekesho, akawasha gari.

Niliporudi, mzee alikuwa ananisubiri, jasho linamtiririka, anacheka meno yote nje.

"Mwalimu, wamemuchukua?"

"Hapana, mzee. Ameondoka."

"Lakini mimi nimetoka!"

"Hakuhesabu."

Akalitazama gongo, akavitazama vijiti. Kisha akaketi chini pale pale kwenye vumbi, mzee mzima, akafunika uso kwa mikono. Taban akaja, akachuchumaa pembeni yake, akaanza kumpangusa vumbi mabegani.

"Baba, simama," akamwambia. "Watu iko naangalia."