Siki Ilikula Kumi na Mbili

Joëlle aliitaka nafasi ile kwa roho yake yote. Shule yao ya Bunia ilikuwa ipeleke mwanafunzi mmoja tu kwenye mashindano ya kemia ya mkoa. Mwaka uliopita alikosa kidogo tu, akasusa hata sombe, kile kisamvu cha mama yake. Safari hii Profesa Kambale alisema atachagua kwa jaribio la leo.

Bomba la kupimia lilikuwa limevunjika zamani, basi kila meza ilipewa sindano ya famasi isiyo na ncha, na chupa mbili: moja ya asidi kali, nyingine ya siki. Kazi ilikuwa kupima kiasi sawa cha kila chupa, kutia tone la dawa ya rangi, kudondosha soda kali mpaka maji yageuke waridi, kusoma mililita zilizotumika, kisha kukokotoa ukolezi wa kila chupa.

Asidi kali ilikula mililita kumi na mbili za soda. Safi. Ikaja zamu ya siki, na siki, jamani, hii hii ya kachumbari, nayo ikala kumi na mbili! Joëlle akarudia. Kumi na mbili tena. Akaandika kumi na mbili.

Blaise wa meza ya jirani, mjuaji wa darasa, akachungulia.

"Weye, futa! Vinaigre, hii siki, iko acide faible, asidi dhaifu. Haiwezi kula soude sawa na ile ya nguvu. Siye bote tuliandika six, sita tu."

Wengi wape, husema wahenga. Lakini wahenga hao hawakuwahi kushika sindano ya soda. Joëlle akashika kifutio. Kumi na mbili ikiwa kosa, nafasi imekwenda na maji. Aliogopa, tena sana. Mwishowe akakitia kifutio mfukoni, akapeleka karatasi vile ilivyo.

Profesa alizisoma zote, uso mkavu.

"Nilitengeneza chupa zote mbili na concentration moja, ukolezi sawasawa," akasema. "Acide faible inaachilia hydrogène yake polepole, lakini soude inaikamata yote mpaka ya mwisho. Ni kama magunia mbili ya maharagi, moja mudomo mukubwa, ingine mudogo. Ukiyamwaga mpaka yaishe, maharagi iko sawasawa. Sasa munyoshe mikono: nani aliona douze, kumi na mbili, ku vinaigre?"

Mikono ikapanda kwa aibu, mmoja mmoja, wa Blaise ukiwa wa mwisho. Darasa zima.

"Bote muliona," akasema Profesa. "Mutu moja tu njo aliandika. Joëlle, utaenda weye."

Joëlle akacheka kwa sauti mbele ya Profesa, na hakuna aliyemkemea.