Meno ya Bwanamkuu

Waliomwosha Bwanamkuu walimtoa meno ya bandia ya chini kabla ya kumvika sanda, wakayasuuza, wakayafunga kwa pamba na kumpa binti yake Nusra ampelekee mama yake. Vile vijiti viwili vya chuma vilivyokuwa vikiyashikilia hawakuvigusa. Vilikuwa vimepandikizwa ndani ya mfupa wa taya, na Maalim Jeilani alisema kilichoingia mfupani kizikwe na mfupa. Basi Bwanamkuu akazikwa hapo mjini Kizingitini baada ya sala ya adhuhuri, chuma chake kikiwa tayani, na meno yakabaki nyumbani.

Bi Ruqaiya, mjane wake, alikuwa ameshakaa eda. Aliyatia meno kwenye bakuli la kaure, akayamiminia maji ya mvua kutoka jabia, lile birika la uani, akaliweka bakuli kwenye kidaka cha ukutani karibu na mahali alipokuwa akikaa. Hakujua afanye nini jingine nayo. Kuyatupa hakuweza, na kuyavaa ni ya mtu.

Asubuhi iliyofuata, akiwa anapepeta mchele, meno yakasema kwamba chai ya leo imezidi tangawizi.

Bi Ruqaiya alijibu kwamba tangawizi ni ileile ya siku zote, kama mtu haitaki aseme. Kisha akakumbuka kwamba mwenye meno yuko makaburini. Nusra alitoka jikoni kuuliza mama anazungumza na nani. Akaambiwa, na babako. Nusra akauliza kama baba anataka kitu. Mama yake akasema hajui, amelalamikia chai tu, na Nusra akarudi kwenye mkate wake wa mofa usije ukaungua.

Sasa, huyu Bwanamkuu hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa dalali wa samaki pale bandarini, na alipokuwa akinadi kamba, watu wa Faza, mji wa jirani, waliapa kwamba wanamsikia wakiwa vitandani. Nyumbani ndiyo usiseme. Alikuwa akimtania mkewe toka mlangoni hadi jikoni, na Bi Ruqaiya, ambaye alikuwa akijifanya kachoka naye, alikuwa hali raha asipomsikia. Halafu meno yakaanza kumtoka mojamoja, na maneno nayo yakalainika. Wanunuzi wakawa wanamcheka. Siku moja Bi Ruqaiya, kwa uchungu wa kusikia mumewe anachekwa, akamwambia kwamba siku hizi akinadi samaki anawarushia watu mate, aende kwa wale madaktari wa mradi wa meno akatiwe mapya.

Alikwenda. Mradi ulikuwa umekuja na boti ya kasi kutoka bara, ukafungua kazi kwenye madarasa ya shule wakati wa likizo. Walimtoboa taya, wakampandikiza vijiti viwili, wakamwambia asubiri mfupa ushike, kisha wakaja kumbana meno juu yake. Yalikaa vizuri, wallahi. Watu walimpigia makofi. Bi Ruqaiya alimtazama mumewe akitabasamu akaona amerudi kijana.

Tangu siku hiyo Bwanamkuu hakusema. Bandarini alijaribu kidogo, kisha akamwachia mwingine kazi ya kunadi. Nyumbani akawa mtu wa kuinua nyusi na kutikisa kichwa. Bi Ruqaiya alifahamu sababu mara moja: mume amekasirika. Ameudhika na lile neno la mate. Akamwomba radhi kwa chakula, akamwomba kwa maneno, na Bwanamkuu kila mara alimpigapiga mkono bila kusema. Lakini radhi ya mume mke huitaka ya ulimi, aisikie kwa masikio yake, na hiyo hakuipata. Mwisho na yeye akachoka. Mwezi ule wa mwisho alihamisha mkeka wake chumba cha pili. Asubuhi ile Bwanamkuu alipoanguka barazani akafa kwa moyo, alikuwa ametoka kumwinulia nyusi za salamu, naye Bi Ruqaiya alikuwa amegeuza uso.

Matangani wanawake walimuuliza kama mumewe alimwia radhi. Alilia, na wao wakakichukua kilio kuwa ni ndiyo. Hakukuwa na kitu duniani alichokitaka zaidi ya kulisikia neno hilo, na mwenye kulisema walikuwa wameshamfukia.

Ilimchukua siku chache kulitambua jambo la chai. Ile tangawizi ilikuwa ya siku ya kwanza baada ya meno kutiwa. Aliikumbuka, kwa sababu Bwanamkuu aliinamia kikombe akakitazama, asinene. Meno, basi, yalikuwa yakisema yale aliyoyameza, kwa mpango uleule alioyameza. Hayakujibu swali wala hayakurukia mbele. Na yalisema ndani ya maji ya jabia tu. Nusra aliyajaribu kwa maji ya kisima, yakakaa kimya kama meno mengine yoyote.

Bi Ruqaiya alimtuma Nusra kwa Maalim Jeilani akaulize kama yafaa mjane wa eda kuyasikiliza. Maalim alifikiri, akajibu kwamba sauti ya mume haijaharamishwa kwa mkewe. Ila yakiadhini, yasifuatwe.

Basi akayasikiliza. Kila asubuhi alibadilisha maji, akakaa na kazi yake mkononi. Meno yalisema kwamba paa la jikoni lavuja upande wa kibla. Yalisema kwamba yule mnunuzi mpya ni mwizi wa mizani. Yalisema, "Leo amevaa ile leso ya zambarau. Nimeiona," na Bi Ruqaiya, mtu mzima mwenye wajukuu, akaona haya peke yake. Ilikuwa furaha, na hakuificha. Nusra, akiwa uani, alimsikia akicheka, akashukuru Mungu.

Kisha siku moja meno yakasema:

"Yaniuma. Huku kulia. Nikitamka neno, moto wapanda sikioni hata kitwani."

Bi Ruqaiya aliuweka ungo chini. Akauliza kwa nini hukuniambia, ingawa alijua hayajibu. Alijibiwa siku nyingine, meno yalipofika huko yenyewe: "Nikimwambia atasema ni yeye aliyenituma. Namjua. Atajilaumu, hatalala. Bora ninyamaze, litapoa."

Halikupoa. Meno yalikuwa yakilisema hilo mara kwa mara, bila kelele, katikati ya habari za paa na mizani. Bi Ruqaiya alilia zaidi kwa ajili ya taya la mumewe kuliko alivyolia siku ya maziko. Na hofu ikamwingia, mpya. Kumbe hakuwa na hasira. Hakuwa na hasira hata kidogo, na yeye akamhamia chumba cha pili na kumgeuzia uso. Kama hapo mwanzo Bwanamkuu hakuwa na la kumwia radhi, sasa analo. Na meno yalikuwa yakienda huko huko, siku kwa siku.

Eda ikiwa inakaribia kwisha, akaja Phineas. Alikuwa kijana wa mradi, mtu wa bara, mpole, mwenye kazi ya kufuatilia waliopandikizwa meno wanaendeleaje. Alikaa barazani, Bi Ruqaiya akakaa nyuma ya pazia, na Nusra akaweka mahamri katikati. Phineas alitoa pole zake vizuri. Akauliza kama vile vijiti viliwahi kulegea au kung'oka. Akaambiwa havikung'oka, amezikwa navyo. Basi, akasema, vimefaulu.

Bi Ruqaiya akamwambia Nusra alete bakuli.

Siku hiyo meno yalikuwa yamefika mahali panapomhusu Phineas. Yakasema: "Yule kijana wa mradi amepiga simu. Aniuliza meno vipi. Nimemjibu alhamdulillahi. Nimjibuje, naye ameanza kwa salamu?"

Phineas alisikiliza ameinamisha kichwa. "Ni mimi huyo," akasema. "Nakumbuka. Kulikuwa na kelele za injini."

Akaulizwa kama na wengine alikuwa akiwauliza hivyo hivyo. Akasema ndiyo, alipiga simu visiwa vyote, na kila mzee alimjibu alhamdulillahi, hata hapakuwa na lalamiko moja. Nusra akamweleza kwamba hapa mtu aliyekatwa mguu jana, ukimjulia hali leo, atakujibu hivyo hivyo, ndiyo adabu. Ukitaka kujua, ingia ndani, kaa, mfungue kinywa utazame. Phineas alisema sasa anaelewa. Akasema pia, na alionekana anasikitika kweli, kwamba utafiti unapima kama kijiti kimekaa mfupani, na maumivu huchukuliwa kwa kauli ya mgonjwa mwenyewe akiwa hai. Maneno yaliyotoka kwenye bakuli hayana mahali pa kuingia. Madaktari walikuwa karibu kusafiri kwenda kuyasoma matokeo mbele ya wenzao, na yalikuwa mazuri sana.

"Kwa hivyo mume wangu ni katika waliopona?" Bi Ruqaiya akauliza nyuma ya pazia.

"Ndiyo, Bi. Ni katika waliopona."

Phineas alimaliza hamri lake, akaomba alitazame bakuli kwa karibu, akalisogeza lisipigwe na jua. Kisha akaaga. Alikuwa na nyumba nyingine za kupita.

Baada ya hapo meno yakaingia mwezi wa mwisho. "Amehamisha mkeka," yakasema. "Ana haki." Siku iliyofuata yakasema kwamba nyumba ni baridi upande huu. Bi Ruqaiya hakustahimili. Aliyamwaga maji ya jabia, akatia ya kisima, na meno yakanyamaza. Alikaa hivyo siku kadhaa. Nusra aliiona chumvi ya maji ya kisima ukingoni mwa bakuli, akampikia mama yake uji na kukaa naye hadi akaumaliza. Bi Ruqaiya akamweleza binti yake anachokiogopa. Alisema kinywa wazi kwamba siku ile alimgeuzia uso babake, na kwamba kama neno la mwisho la Bwanamkuu ni la kumlaani, hataweza kutoka eda akatembea mitaani kama watu. Nusra alimwambia baba hakuwa na laana mdomoni. Lakini Nusra naye hakuwa na hakika ya jambo lenyewe.

Siku ya kuvunja eda, kabla ya kwenda kuoga, Bi Ruqaiya alichota maji ya jabia. Yalikuwa yamebaki kidogo chini, kwa kuwa mvua ilikuwa bado. Akayachuja kwa kitambaa, akamimina, akakaa chini ya kidaka mikono ikiwa mapajani.

Meno yalizipita siku zilizobaki haraka, kwa sababu Bwanamkuu siku hizo hakuwa na mengi. Leo hakunitazama. Leo amepika samaki wa nazi, amenibakishia kichwa. Leo pia hakunitazama. Kisha yakafika asubuhi ya mwisho, na sauti ikawa karibu, sauti ya mtu aliyekaa kizingitini akijikusanya aseme.

"Ruqaiya. Nimenyamaza mno, nimekuumiza. Niwie radhi, mke wangu."

Hapo ndipo palipokuwa mwisho. Alisubiri kidogo, kisha akafahamu kwamba hakuna zaidi.

Muda wote huo alikuwa amekaa akingoja kupewa, kumbe anaombwa. Alisimama akauegemea ukuta wa kidaka. "Nimekuwia radhi, Bwanamkuu," akasema kwa sauti ya kusikika hadi uani. "Duniani na akhera. Na mimi je?"

Bakuli halikujibu. Mwenyewe alikuwa hajaacha neno jingine. Bi Ruqaiya alilia, akapangusa uso, akajiambia kwamba mtu mwenye kinyongo haombi radhi, na akaona inamtosha. Halikuwa neno alilolitaka, lakini lilikuwa la Bwanamkuu, la ulimi, na amelisikia kwa masikio yake. Akaenda kuoga.

Alitoka jioni hiyo kwa mara ya kwanza, amevaa buibui lake, Nusra akimshika mkono. Mradi ulikuwa umerudi. Bandarini kipaza sauti kilikuwa kikiita majina ya wanaotaka meno, kikisema kwamba hadi sasa hakuna hata mmoja aliyepata tatizo, na foleni ilikuwa imefika msikitini. Bi Ruqaiya aliwaambia waliokuwa karibu yale aliyoyasikia kwenye bakuli. Walimsikiliza kwa heshima, wakampa pole ya mumewe, wakaendelea kusimama, kwa maana na wao walitaka kutafuna.

Basi akapita, akaingia kwa jirani yake Bi Swafiya, ambaye mumewe Abdulwahid alitiwa meno pamoja na Bwanamkuu. Bi Swafiya alianza kumlalamikia kabla hajakaa: mume huyu tangu mwaka jana kamnunia, hamsemeshi, hajui amemkosea nini. Abdulwahid alikuwa palepale kitandani, ametazama ukuta.

Bi Ruqaiya akamwambia, "Hajakununia, Swafiya. Mwambie afungue kinywa."

Bi Swafiya alimgeukia mumewe. Abdulwahid akafungua. Mkewe alichukua simu akamulika ndani, upande mmoja, halafu upande wa pili, akaona ufizi ulivyovimba na kuwa mwekundu. Akaizima simu. Alimuuliza tangu lini, na Abdulwahid akainua nyusi tu. Bi Swafiya akapanda kitandani akakaa karibu naye, akalishika taya la mumewe kwa viganja viwili kama mtu anayeshika yai, na hakumuuliza tena.