Kamera ya Mama Vidonge

Shirika letu lilikuwa na watu sita, kila mmoja na mji wake, na ofisi yetu ilikuwa kile kikao cha Jumatatu asubuhi kwenye kompyuta. Mimi ndiye niliyekuwa mratibu. Kazi yenyewe ilikuwa kuwapigia simu wagonjwa wa kifua kikuu na kuhakikisha wanameza dawa mpaka dozi iishe. Aliyetupita sote alikuwa mama mmoja wa makamo tuliyemwita Mama Vidonge. Alijua nani anaficha dawa chini ya mto, na nani anadanganya kwa sauti tamu.

Kisha kamera yake ikazimwa. Wiki ya kwanza alisema mtandao unasumbua. Ya pili, umeme. Baadaye akaacha kutoa sababu, tukabaki na kiduara cheusi chenye herufi za jina lake, na sauti nzito kidogo, kama ya mtu mwenye kitu mdomoni. Nikadhani anakula kikaoni. Niliudhika, lakini sikumpigia.

Siku hizohizo makao makuu wakatuletea mtaalamu wa kuunganisha timu za mbali. Akatuchezesha michezo: onyesha kikombe chako, imba wimbo wa utotoni. Pembeni akaniambia kwamba timu isiyoonana nyuso imeshakufa. Nikalibeba neno lake zimazima, nikaandika kwenye kundi letu, mbele ya wote: "Kuanzia Jumatatu, kamera zote wazi. Asiyeonekana hayupo."

Wanne wakaweka alama ya dole gumba. Mama Vidonge alisoma, hakujibu.

Jumatatu akaonekana. Kilemba kimekaa sawasawa, nyuma yake ukuta mtupu. Akatusalimia. Upande mmoja wa uso ulisogea; wa pili ukabaki palepale.

"Mama, picha yako imeganda," nikasema. "Hebu toka, uingie tena."

Hakutoka.

"Jamani, leo kaganda vibaya!" mtu wetu wa takwimu akaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Siwezi kulificha hilo.

"Sijaganda," akasema Mama Vidonge. "Nilipata kiharusi. Wiki ya saba hii. Ndivyo nilivyo sasa. Tuendelee na kikao."

Tukaendelea, Mungu atusamehe. Akasoma orodha yake: wagonjwa thelathini na wanane, hakuna aliyekatiza dozi.

Jioni ikaingia barua yake ya kuacha kazi, mistari miwili.

Nilisafiri siku nzima kumfuata. Mlango ulifunguliwa na mumewe, fundi saa, miwani juu ya paji la uso.

"Wewe ndiye bosi wake?"

"Ndimi, shemeji."

"Kila asubuhi alikuwa anajifunza kutamka upya mbele ya kioo, wagonjwa wasije wakashindwa kumwelewa," akasema, akanipisha.

Mama Vidonge akaniletea chai mwenyewe, kwa mkono mmoja. Nikapiga magoti. "Dada, nisamehe."

"Nimekusamehe. Inuka, sakafu ina baridi." Alilisema haraka, kama anafukuza nzi. "Ila nikuulize. Namba yangu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Mgonjwa asipopokea simu siku mbili, sisi tunafanyaje?"

"Tunampigia jirani yake."

"Nani alinifundisha?"

Alinisubiri nimalize chai, akanisindikiza mpaka mlangoni, akaufunga taratibu. Barua ya kuacha kazi hakuifuta.

Mwisho wa mwezi mtaalamu alituma taarifa yake: timu imeungana, kamera zinawashwa kwa asilimia mia. Niliitia saini.

Orodha ya Mama Vidonge tuligawana. Haikupita miezi mitatu, watano wakawa wameacha dawa. Nilimpigia mmoja wao, mzee mmoja kinyozi, nikimbembeleza arudi kliniki. Akaniuliza yule mama yuko wapi.

"Amepumzika," nikamwambia.

Nikamsikia analia, anamwombea marehemu mahali pema peponi. Nilipaswa kumkatiza palepale. Nilimwacha amalize.