Daraja Lililobaki Kwenye Ramani

Mchora ramani alikuwa na siku tano tu za kufunga orodha. Kila baada ya sensa, ofisi ya takwimu huyapanga upya maeneo yote ya nchi kwa urefu wa barabara hadi mji wenye huduma: karibu, mbali kiasi, mbali, mbali sana. Kompyuta hupima, yeye hukagua.

Jumatatu asubuhi akakwama kwenye tarafa moja ya milimani. Sensa iliyopita ilikuwa "mbali sana". Sasa kompyuta imeirusha hadi "mbali kiasi". Kilomita thelathini na nane tu, kwa kupitia daraja jipya.

Akapiga simu zahanati ya huko. Muuguzi akapokea.

"Daraja?" Akacheka mpaka akakohoa. "Dada yangu, lile lilizolewa na mafuriko hata rangi haijakauka! Tunazunguka mlima kama zamani. Kwani vipi?"

"Hapa mnaonekana mko karibu."

Kicheko kikakatika. Zahanati za "mbali sana" ndizo hupewa muuguzi wa pili, na mwenzake alikuwa ndiyo kwanza ameripoti. "Basi watamwondoa," alisema polepole. "Wakija wajawazito wawili kwa mpigo, nijigawe vipi?"

Mchora ramani hakukaa. Akaenda kwa mkuu wake, mzee waliyempachika jina la Desimali kwa kuwa hakubali makadirio.

"Ya kwenye simu ni maneno," alisema Desimali. "Niletee kipimo."

"Basi nipe gari, mzee."

"Chukua. Alhamisi uwe hapa."

Mtoni alikuta nguzo mbili za zege zimesimama, juu yake hakuna kitu. Akapiga picha, akageuza gari, akazunguka mlima wote, kiuno kikimuuma. Kwa njia hiyo, kutoka mjini hadi zahanati, mita ya gari ilisoma kilomita mia moja sabini na moja.

Alhamisi Desimali alizitazama picha, akasoma kipimo. Akairudisha tarafa "mbali sana" kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akauliza, "Madaraja mapya mengine yako mangapi?"

"Sitini na moja."

Mzee akavua koti, akavuta simu ya mezani. "Nigawie nusu."

Hadi Ijumaa jioni, sauti zikiwa zimewakauka, walikuwa wamegundua mengine matatu yaliyoanguka. Na moja, zima kabisa, ambalo halikuwa kwenye ramani yoyote: wanakijiji walikuwa wamelijenga wenyewe, na sasa watoto wao walikuwa wakienda sekondari kwa miguu.