Unakaa Wapi?

Asubuhi ile katika ofisi ya chama cha Tushikane, maji ya chai yalichemka mpaka yakakauka, birika likaanza kunuka, na hakuna aliyepata nafasi ya kwenda kuliepua. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka la kinyozi. Kuna meza ya katibu, rafu ya mablanketi ya kugawa, kalenda ya mwaka uliopita ukutani, na chini ya kalenda benchi la mbao wanalosubiria watu waliofukuzwa kwenye nyumba. Mwenyekiti, mama mmoja muuza mitumba, hana kiti. Utani huo umechakaa, lakini watu bado wanautumia kama sufuria iliyotoboka.

Mwisho wa benchi alikuwa fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Kiguu-na-Njia. Hakuna aliyewahi kumwona ametulia. Akishona, miguu yake ilikanyaga cherehani. Asiposhona, ilikanyaga hewa. Juzi yake alitoka kununua uzi, na alipogeuka tu mwenye nyumba akabadilisha kufuli, cherehani ikabaki ndani. Akabaki na mfuko mmoja na mabinti wawili, mkubwa wa shule na mdogo wa kubebwa. Baba yao alikwenda mbali kutafuta kazi na bado anaitafuta.

Wifi yake alikuwa amejitolea kumchukua binti mkubwa. Kwa wifi, kuchukuliwa maana yake ni kufua, kufagia na kuambiwa ushukuru. Mdogo angepelekwa kwa mwanachama mmoja mwenye nafasi kidogo. Kila mtu aliona ni mpango mzuri, isipokuwa mama mtu. Yeye mwenyewe alilelewa hivyo, kwa shangazi huyu na yule, na leo ndugu zake ni watu wa kusalimiana misibani. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa njaa.

"Unakaa wapi?" katibu akauliza bila kuinua kichwa. Ni mzee mstaafu wa posta, na anwani ndiyo kitu cha kwanza anachotaka kwa binadamu.

Kiguu-na-Njia hakuwa amelala usiku kucha. Watu walikuwa wakiitwa kutoka benchi mmoja mmoja, akadhani anaulizwa ameketi upande gani.

"Hapa," akajibu. "Hapa mwisho, ukutani."

Katibu alikuwa ameuliza swali hilo tangu ofisi ifunguliwe, na majibu yote yalikuwa marefu na ya kulia. Alifurahi kupata jibu fupi. "Haya, karibu," akasema. "Kaa na wanao."

Wakakaa. Nyuma ya migongo yao, chini ya kalenda, ukuta ukawa na mlango. Mlango ulikuwa na pazia la maua, na nyuma ya pazia palikuwa na chumba: kitanda, dirisha, jiko kwenye kona, na msumari. Binti mkubwa akaingia, akatundika sare yake ya shule kwenye msumari. Katibu akainuka, akabisha hodi kwa adabu, akachungulia, akasema lile dirisha linahitaji kupakwa rangi upya. Kwa kuwa alishasimama, akaenda kuliepua birika.

Masharti ya nyumba waliyajua kwa kujikwaa. Kiguu-na-Njia aliposimama kwenda kuchota maji, na mabinti wakiwa wamemfuata, mlango ulirudi kuwa ukuta na kiatu cha mdogo kikabaki ndani. Akakaa tena. Mlango ukarudi, kiatu kikiwa palepale. Hapo ikaeleweka kwamba lazima wakati wote awepo mtu aliyekaa benchini, la sivyo hakuna nyumba. Na mtu huyo akawa yeye, ambaye hata kanisani alikuwa akisimama mlangoni.

Siku za mwanzo alikaa kwa mateso. Magoti yalimcheza, mbao zikalia, mpaka kinyozi upande wa pili akaja kuuliza kama kuna mashine inasaga. Alihitaji kwenda kutafuta vibarua vya kushona, na alihitaji kwenda kugombana na mwenye nyumba kuhusu cherehani yake. Alikuwa na nyumba kwa sharti la kutokwenda popote, na kwa kutokwenda popote hakuwa na cha kuwapikia waliomo ndani.

Mwenyekiti akaitisha kikao. Watu wa Tushikane si matajiri. Wengi wao walishawahi kusubiri kwenye benchi hilohilo. Lakini makalio kila mtu anayo, mwenyekiti alisema, na hilo halikupingwa. Wakapanga zamu. Kinyozi alikaa akiwa hana mteja. Mwalimu wa chekechea alikaa akisahihisha madaftari. Seremala aliyelitengeneza benchi alikaa akilalamika kwamba angejua ni nyumba angetumia mbao nzuri. Wakawa wanaulizana barabarani, "Nani anamkalia leo?" na neno hilo likazoeleka kama neno lolote. Kiguu-na-Njia akapata nafasi ya kutoka. Alishona kwa mashine ya kuazima, akapita kwa mwenye nyumba wake wa zamani, akaambiwa arudi kesho, akarudi kesho, akaambiwa kesho.

Wifi alipofika kumchukua binti, alimkuta kinyozi benchini na binti ndani akisoma. Akafunua pazia. Akapitisha kidole kwenye fremu ya dirisha kutafuta vumbi.

"Kadogo," akasema.

"Ni kadogo, wifi," Kiguu-na-Njia akakubali.

"Na benchi si nyumba."

"Nyumba njema si mlango, wifi. Karibu ndani, ukae."

Wifi hakukaa. Alisema akisikia wamerudi barabarani, atamchukua mtoto bila kubisha hodi. Mama mtu alicheka mpaka wifi akapotea kwenye kona, kisha akaingia ndani akalia, kwa kuwa sasa alikuwa na mahali pa kulilia.

Kulikuwa na sharti jingine. Katibu alikuwa kwenye simu akiomba magodoro, akasema kama alivyozoea, "Tuna watu hapa hawana pa kukaa." Pazia likafifia. Binti mkubwa akatoa kichwa nje.

"Babu, dirisha limeingia giza."

"Yaani wanakaa," katibu akasema haraka kwenye simu. "Wanakaa, wanakaa vizuri."

Mwanga ukarudi dirishani, na magodoro hayakuja. Tangu siku hiyo maneno yale yalipigwa marufuku ofisini. Kuomba msaada bila kutaja shida si kazi ndogo, lakini katibu alijifunza. Alipolazimika kuyasema, alitoka nje akayasemea kwa kinyozi.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na ofisi, kuna ghorofa jipya la manispaa lililojengwa kwa ajili ya familia zisizo na makao. Lina maji, umeme na mlinzi. Taa zake huwashwa kila jioni ili rangi ionekane. Hakuna aliyewahi kulala humo, ila njiwa. Tushikane walikuwa wamelipigania ghorofa hilo kwa kuandamana, kwa kubembeleza na kwa kupanga foleni, na katika orodha ya wanaostahili, Kiguu-na-Njia alikuwa amefika juu kabisa.

Ndipo akaja afisa wa makazi. Alikuwa kijana mpole mwenye viatu vya vumbi, na alianza kwa kumpa pole kila mtu. Zamu ya benchi ilikuwa ya Kiguu-na-Njia mwenyewe. Nyuma ya pazia binti mkubwa alikuwa akimwogesha mdogo, na maji yalisikika.

"Mama, habari njema," afisa akasema. "Umebaki kuthibitisha tu, kwa mdomo wako. Unakaa wapi?"

Katibu akaacha kuandika. Mwenyekiti, aliyekuwa akikunja mablanketi, akalishika moja kifuani.

"Nikisema nakaa hapa?" Kiguu-na-Njia akauliza.

"Basi unakaa. Nakutoa kwenye orodha."

"Na nikisema lile jingine?"

"Unabaki juu kabisa."

"Nakabidhiwa funguo leo?"

Afisa akatazama viatu vyake. "Funguo zinatolewa na kamati, mama. Mpaka kamati ikae."

"Itakaa lini?"

"Haijawahi kukaa."

Miguu ya Kiguu-na-Njia ilikuwa ikienda mbio chini ya benchi. Alilitazama ghorofa kupitia mlangoni, vioo vyake vikimeta. Alilitaka. Alikitaka kile kitasa cha shaba alichokiona siku mlinzi alipolegea akamruhusu achungulie, alitaka chumba ambacho angeweza kukiacha akaenda sokoni na kukikuta. Kusema maneno matatu kulitosha. Nyuma yake mdogo akacheka, maji yakamwagika, na mkubwa akamkemea kwa sauti ileile ya mama yake.

Angeweza kuwaita watoke kwanza. Aliliwaza hilo. Watoke, aseme, wasubiri kamati. Wangesubiria wapi? Mkubwa kwa wifi, mdogo kwa mwanachama.

"Nakaa hapa," akasema.

"Una hakika, mama?"

"Nakaa hapa na wanangu. Na hiyo kamati, kama imekosa pa kukaa, waambie waje. Tutasogea."

Afisa hakuona utani humo, na pengine haukuwemo. Akaandika, akashukuru, akasema kwa kweli amefarijika, maana idadi ya wasio na makao imepungua. Mwenyekiti akalirudisha blanketi kwenye rafu na kulipigapiga, ingawa lilikuwa limekunjwa vizuri.

Mwisho wa mwezi manispaa ilitangaza redioni kwamba idadi imepungua, ikajipongeza. Wiki hiyohiyo benchi likaanza kurefuka. Lilirefuka kuelekea mlangoni, na seremala akaapa hajaligusa. Wakasema ni nafasi za kamati, na kwa muda hakuna aliyezikalia. Kamati haikuja. Ng'ambo, mlinzi aliendelea kuwasha taa jioni na kuzizima asubuhi. Cherehani ilibaki nyuma ya kufuli, na mwenye nyumba alikuwa bado ni mtu wa kesho.

Jioni moja ya mvua akaingia mwanamume mwenye godoro kichwani, mkewe akiwa nyuma na mtoto mgongoni, wote wamelowa chapachapa. Wakasimama katikati ya ofisi kama watu wasiojua waweke wapi miguu. Katibu, bila kuinua kichwa, akauliza alichouliza maisha yake yote.

"Mnakaa wapi?"

Mwanamume akatua godoro. "Mzee wangu," akaanza, "sisi hatuna—"

"Usijibu!" Kiguu-na-Njia akamkatiza kutoka kwenye benchi, akimshika mkono mkewe na kumvuta chini, miguu yake mwenyewe ikikanyaga hewa. "Kaa kwanza."