Bira Alisimama Tu

...hakujirusha, hakuteleza, hakunyoosha hata mguu, alisimama tu, jamani, Bira alisimama, ndani ya boksi letu, mbele ya yule winga wao mwenye miguu ya umeme, dakika za nyongeza, sare ya bao moja kwa moja, tukifungwa timu yetu, Estrela do Porto, inashuka daraja, na yeye amesimama kama mtu anayengoja maji ya chimarrão, ile chai yetu chungu ya majani, yapate moto, na sasa refa amepuliza kipenga lakini hajaonyesha kitu, amekwenda zake kwa mshika kibendera, wachezaji wote nyuma yake kama vifaranga, Gelson msaidizi wangu ananivuta koti, huku kocha huitwa profesa, "Profesa, anatoa penalti yule, sema kitu, Profesa!", mimi ambaye sijawahi kukosa la kumwambia refa, mji mzima wa Pelotas unaujua mdomo wangu, leo hata simtazami, namtazama Bira... maana niliona, mvua ilikuwa inanipiga usoni lakini niliona, winga akaja peke yake, akatikisa bega kushoto, akatikisa kiuno kulia, akaukanyaga mpira, akauachia, na Bira anarudi nyuma hatua ndogo ndogo, macho kwenye mpira, mikono mgongoni, mimi huku napiga kelele "Nenda! Mwendee, Bira! Nenda!", hakuja wala hakwenda, mpaka yule kijana akaishiwa ujanja, akausukuma mpira mbele kidogo, kidogo tu, na hapo ndipo Bira alipoweka mguu, taratibu, kama mtu anayefunga mlango asimwamshe mtoto, mpira wake, na winga akamparamia akaanguka mwenyewe... "Cadeado! Kufuli limeota kutu!", huyo ni yule mzee wa kwenye uzio, kila Jumapili yupo, "Kocha gani wewe, nilikwambia mtoe hilo jokofu!", jokofu ni Bira, wanamwita hivyo kwa sababu ni mzito na kugeuka kwake lazima uombe msaada wa majirani, hata mimi nilicheka nilipolisikia mara ya kwanza, na leo nimempanga kwa sababu tu Rosinei, beki wetu wa kila siku, amefungiwa kwa kadi... Cadeado ni mimi, kufuli, jina nililopewa na watu hawahawa baba zao wakiwa hai, nilianza namba tisa nikifunga mabao kwenye kiwanja cha nyuma ya kiwanda cha nyama kavu, mpaka Seu Nerci, kocha wetu wa vijana, aliponishika shingo, "Odacir, rudi nyuma," nikamwambia "Seu Nerci, nyuma hakuna raha," akasema "Raha ni ya wengine, wewe nakupa nyumba uilinde," nikalia siku ile kama nimefiwa, kisha nikajifunza, wahi kabla hujawahiwa, hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu, nilijirusha kwenye matope, kwenye baridi ya Ureno walikoninunua, nilijirusha nikiwa na homa, nilijirusha mbele ya mshambuliaji mmoja ambaye mabeki wengine walikuwa wakimwogopa wakiwa bado kwenye basi, nikautoa mpira na nyasi na kiatu chake, uwanja mzima ukasimama kunipigia makofi, makofi yale ninayo masikioni hadi leo, halafu goti likasema basi... na nikawa kocha, timu baada ya timu, nikifukuzwa Jumatatu, nikiajiriwa Alhamisi, lakini mwili haukukubali, nimesimama hapa kwenye mstari na mguu wa kulia unakaba kila mpira, hata kitandani, Ivonete mke wangu huamka anajishika muundi, "Haya, Odacir, umemkaba nani leo?", "Winga," namwambia, "Basi mwambie winga anirudishie shuka"... "Profesa, bado wanaongea," anasema Gelson, "afadhali, wakiongea sana ujue hajaona," sikiliza, hakuna picha ya marudio kwenye uwanja huu, alichokifanya Bira kimekwisha, kimepita, hakitaonekana tena mahali popote, kipa wetu alikuwa amefumba macho, Gelson alikuwa anaangalia saa, labda katika uwanja wote huu ni mimi peke yangu niliyekiona chote, mguu wangu haukutikisika, sijui ni lini niliwahi kutazama mpira hivi, kama mtoto aliyebebwa mabegani... angenitii angejirusha, angejirusha wangekuwa wamekwishatufunga, na mimi Jumatatu ningekuwa nimefukuzwa, naokota koni zangu za mazoezi, lakini sicho hicho kinachonitetemesha, kinachonitetemesha ni uzuri wake, mtu mzito namna ile, mwenye miaka yake thelathini na kitu, kujua kwamba kutokwenda nako ni mwendo... anakuja, anakuja kunywa maji hapa mstarini, matope mpaka kwenye nyusi, wala hamwangalii refa, "Bira," "Naam, Profesa," "Nilikwambia nenda," "Nilikusikia," "Mbona hukwenda?", anakunywa, anatema, anapangusa mdomo kwa bega, "Alikuwa anataka niende, Profesa, asingetaka ningekwenda"... asingetaka ningekwenda, anasema hivyo kama mtu anayeelekeza njia ya sokoni, na mimi maisha yangu yote, kila mshambuliaji aliyetaka niende nilikwenda, nikawahi, nikawahi, nikapigiwa makofi, wala sikuwahi hata mara moja kujiuliza yule mwenzangu anataka nini, na sijuti, hapana, nani ajute juu ya makofi yale, ila ni kama mtu aliyekaa ndani ya nyumba hadi uzeeni, leo anasukuma ukuta anakuta chumba... "Kutu! Kutu!" mzee wa kwenye uzio amepata wenzake sasa wanaimba, Gelson ameshika rozari ndani ya mfuko anadhani simwoni, refa bado ameinama sikioni kwa mshika kibendera, mkono haujapanda, acha wazungumze, acha mvua inyeshe, Bira ameweka chupa chini anageuka kurudi na ule mgeuko wake wa polepole, na mimi niliyempigia kelele tangu msimu uanze simama hapa, simama pale, namkimbilia pembeni ya mstari, "Bira, ngoja, usiende kwanza... ulijuaje kwamba anataka uende?"