Goti Jekundu la Feruzi

Nani alishawahi kuimba jina la beki? Hilaire akifunga goli, mtaa mzima wa Mangobo unambeba mabegani. Feruzi, aliyezuia watu watatu ili mpira umfikie huyo Hilaire, anarudi nyumbani kwa miguu, tena anachechemea.

Na kuchechemea kwenyewe alikuficha. Goti lake la kuume lilikuwa limeharibika tangu mechi moja ya Banalia, mwaka wa hamsini na tano, na lilivimba kila akitoka kupakia mizigo kwenye treni ya Ubundu. Florentine, mke wake, alichana kipande kirefu cha kikwembe chake chekundu, kitenge cha kujifunga kiunoni, na kila siku ya mechi Feruzi alilifunga nacho mpaka likakaza. Ni hivyo tu. Lakini watu, bwana! Walipoona beki mwenye goti jekundu hapitiki, wakasema mle ndani mna dawa, tena dawa kali ya kwao Maniema. Wapinzani wakaanza kumkwepa. Feruzi alicheka, akawaacha waseme, maana beki mgonjwa timu inamtupa kama ganda la ndizi.

Basi ikaja habari: Jumapili Mzungu wa timu ya Ulaya atakuja kuchagua wachezaji. Huko, walisema, mtu analipwa mshahara kwa kucheza mpira, na nyumba anapewa. Feruzi alikuwa ametimiza miaka ishirini na tisa. Mzungu mwingine wa kumngojea hakuwepo, na yeye alijua.

Jumapili hiyo alitundika kitambaa kwenye msumari wa chumba cha kuvalia, akaenda kutawadha. Aliporudi, msumari ulikuwa mtupu. Akatoka nje mbio, akamwona Hilaire, pindo jekundu limechungulia chini ya kaptula yake. Lo! Feruzi alifungua kinywa aseme: kijana, hilo ni tambara tu, nirudishie, goti langu bovu. Lakini Mzungu alikuwa amesimama palepale mlangoni na rais wa timu. Angesemaje mbele yake? Akameza maneno, akalifunga goti kwa singleti yake.

Singleti ililegea mapema. Hilaire alikimbia siku ile kama aliyepagawa, akafunga magoli mawili. Feruzi alivumilia mpaka kipindi cha pili. Alipogeuka kumzuia mtu wa timu ya ng'ambo ya mto, goti likaalika, akaanguka akilia kwa sauti. Siku hizo hakukuwa na kubadilisha mchezaji. Walimwinua, wakamsimamisha pembeni ya uwanja kama mti wa uzio, acheze hivyohivyo. Mzungu hakumtazama tena.

Daktari alisema goti halitakunjika tena. Hilaire alichaguliwa. Kabla ya safari akaja kuaga, akapiga magoti kando ya kitanda cha Feruzi.

“Yaya, kaka yangu, unisamehe. Ni mimi nilibeba ile dawa.”

“Haiko dawa, Hilaire. Iko kikwembe ya Florentine. Goti ilikuwa mugonjwa, nilikuwa naifunga tu.”

Hilaire akatabasamu kwa adabu. “Bon, sawa, uko na kasirani juu yangu, nasikia. Lakini kule Ulaya nitakuwa peke yangu, yaya. Unipe basi maneno unasomeaka hiyo dawa mbele ya kuifunga.”

“Hakuna maneno! Naapa kwa Mungu.”

Florentine alishindwa kuvumilia. Akaingia chumbani, akaleta kikwembe kilichobaki, kimechanika upande mmoja, akamtupia kifuani. “Angalia na macho yako!”

Hilaire alikishika kwa mikono miwili, akakigeuza, akawatazama wote wawili kwa uchungu. “Kumbe imebaki mingi hivi,” alisema, “na munaninyima maneno yake?”

Akatoka bila kuaga. Feruzi alitaka kumfuata, akashusha mguu chini, akaanguka palepale kando ya kitanda.

Kabla ya jua kuzama Mangobo nzima ilikuwa na habari: Feruzi ana choyo, amekataa kumbariki mtoto wa kwao. Waliokuwa wakija kumpa pole hawakuja tena. Wengine walisema waziwazi, wakipita chini ya dirisha lake, kwamba Hilaire akishindwa huko Ulaya, ajulikane tangu leo aliyemroga.

Toka siku hiyo, kila baada ya sala, Feruzi alimwomba Mungu amjalie Hilaire afunge magoli.